Mkataba Uliogongwa Muhuri Haukutaja Chanjo

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Kazi, Afya na Mambo ya Nje, Dodoma na Zanzibar

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kuhusu mkataba wa kazi wa mfanyakazi wa ndani anayekwenda Oman. Mikataba hiyo nimeisoma kwa macho yangu, kwa sababu akina dada waliopewa nafasi ya kutoka siku ya Ijumaa walikuwa wakija kwangu Ruwi, mjini Muscat, na kunipa niwasomee. Mshahara umeandikwa. Muda wa miaka miwili umeandikwa, na tiketi ya kurudi, na chakula, na malazi. Mihuri ipo. Katika yote niliyoishika sikukuta sentensi hata moja inayosema kwamba ukizuka ugonjwa na chanjo ikapatikana, nani atampeleka mfanyakazi, nani atalipa, nani ataulizwa maswali kabla ya sindano, na cheti kitakaa mkononi mwa nani. Naomba sentensi hizo ziandikwe, na ziandikwe sasa tukiwa na utulivu wa kufikiri.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha Muscat, na UVIKO-19 ulinikuta huko. Nilikuwa na bima ya afya. Bataka yangu, yaani kitambulisho cha ukaazi, ilikuwa kwenye pochi yangu mwenyewe. Kiingereza changu kilitosha kumweleza daktari kinachoniuma. Zamu ya kuchanjwa ilipotufikia sisi wageni, katikati ya 2021, kampuni ilikusanya namba za bataka, ikatuandikisha, ikatupa ruhusa ya asubuhi nzima, na ujumbe wa kuniita ukaja kwenye simu yangu. Sina malalamiko yangu binafsi ya kuwaletea. Naandika kwa sababu ya Watanzania wenzangu waliokuwa mitaa michache kutoka kwangu, ndani ya nyumba za watu, ambao chanjo ileile, katika mji uleule, kwao ilikuwa jambo jingine kabisa.

Nieleze kwanza tulikuwa katika hali gani. Tarehe 1 Aprili 2020 wilaya ya Mutrah, ambamo Ruwi imo, ilifungwa kwa vizuizi vya polisi, na siku chache baadaye mkoa mzima wa Muscat. Nyumbani nako, Mei 2020, takwimu zilikoma kutangazwa zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Ndugu waliobaki nyumbani walikuwa na macho yao: walijua nani anaumwa mtaani na nani amezikwa. Sisi tulikuwa na simu tu. Ukipiga, mmoja anakwambia hakuna ugonjwa, mwingine anakutumia sauti ya mtu asiyejulikana akiapa kwamba chanjo inaua kizazi, na mama anakuhimiza ujifukize nyungu ya mwarobaini na mchaichai usiku kabla ya kulala.

Oman ilianza kuchanja tarehe 27 Desemba 2020. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2021, Rais John Magufuli alisema akiwa Chato kwamba chanjo hazifai, na akaitahadharisha Wizara ya Afya isizikimbilie. Tarehe 1 Februari aliyekuwa Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alitangaza kwamba nchi haina mpango wa kupokea chanjo ya UVIKO-19. Sitaki kufufua ugomvi wa zama zile. Ninachotaka mkione ni mahali alipobaki mfanyakazi wa ndani. Rais wake amesema chanjo haifai. Madamu wake anasema wiki ijayo tunakwenda kuchomwa. Hana daktari anayemjua, hana mume wa kumuuliza pale, na mara nyingi simu anaishika usiku tu kazi zikiisha. Swali walilokuwa wakiniletea lilikuwa lilelile: “Dada, nichome nisichome?” Mimi nilikuwa karani wa mizigo. Niliwajibu kwa nilichokisoma, lakini kila mara nilijua kwamba mtu huyu alistahili kujibiwa na daktari wa nchi yake, kwa Kiswahili, na sikuwa na namba ya daktari huyo ya kumpa.

Februari hiyohiyo Waziri wa Afya wa Oman alieleza kwamba asilimia 18 ya wasafiri waliowasili kutoka Tanzania walikutwa na virusi, na kabla ya mwezi kwisha Tanzania ikawa miongoni mwa nchi 10 ambazo wasafiri wake walizuiwa kuingia Oman. Takwimu za nchi yetu tulikuwa tukizisikia kutoka kwa waziri wa watu. Wenzetu waliokuwa likizo Tanga, Unguja na Dar es Salaam walikwama huko. Julai Tanzania ilikuwa bado imo kwenye orodha. Na waliokuwa Muscat walionja jambo ambalo hawakulizoea. Kiswahili si lugha ngeni katika mji ule. Zimo familia za Kiomani zilizotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na ukienda kununua samaki Mutrah unaweza kuulizwa habari za nyumbani na mzee wa kilemba ambaye hajakanyaga Zanzibar tangu utotoni. Wiki zile tulikuwa tukipanda lifti tukizungumza, mlango ukifunguka akaingia mtu, tunanyamaza.

Tarehe 17 Februari tulimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeeleza wazi kwamba ameambukizwa. Mwezi mmoja baadaye, siku kwa siku, Rais Magufuli naye akafariki dunia. Kisha mambo yakageuka. Tarehe 24 Julai 2021 dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson, zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX, zilifika Dar es Salaam, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Usiku ule dada mmoja wa Pemba, ambaye kwa miezi alikuwa amekataa katakata nikiwa nimemwambia yote niliyoyajua, alinipigia na kusema: “Mama amechoma. Na mimi nachoma.” Alichohitaji kilikuwa sauti ya nchi yake. Ilipokuja ilimfikia siku hiyohiyo, chumbani kwake nyuma ya jiko la watu, bila gharama yoyote.

Sasa niwapeleke ndani ya ukumbi wa chanjo, kwa sababu huko ndiko nilikoona kwa karibu ninachowaomba.

Nilikuwa kwenye foleni ya dozi yangu katika ukumbi mkubwa wa maonyesho karibu na uwanja wa ndege. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kiomani na binti aliyemfuata nyuma. Sikujua kwamba binti ni wa kwetu mpaka nilipomsikia akinong’ona kwenye simu: “Ndiyo naingia sasa, niombeeni.” Walipofika mezani, bataka ya binti ilitoka kwenye mkoba wa mama. Muuguzi, mwanamke wa Kihindi mwenye haraka lakini mpole, akauliza maswali yake kwa Kiingereza na Kiarabu cha kuungaunga: amewahi kupata mzio wa dawa au sindano, ana mimba, anatumia dawa gani, ana ugonjwa wa damu kutoganda? Mama akajibu maswali yote kwa niaba ya binti. La. La. La. La. Muuguzi akaweka alama kwenye fomu. Binti alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni.

Nikawasogelea, nikamsalimia yule mama kwa Kiarabu changu kidogo, nikamwomba ruhusa nimuulize mwenzangu maswali yaleyale kwa Kiswahili. Hakukasirika. Nikauliza la mzio. Binti akanitazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. Akasema: “Nilipokuwa darasa la tano nilichomwa penisilini. Uso ulivimba, koo likabana, nikalazwa.” Nikamweleza muuguzi. Akaweka sindano chini, akamwita daktari.

Daktari aliuliza mengi, nami nikawa mkalimani. Mwisho alieleza kwamba mzio wa penisilini haumzuii mtu kupata chanjo hii, lakini kwa mtu mwenye historia kama hiyo hatamwacha aondoke baada ya dakika 15 kama wengine. Binti alikalishwa dakika 30 kwenye kiti kilichokuwa hatua mbili kutoka kwenye meza ya daktari, dawa ya dharura ikiwa pale. Hakupata tatizo lolote. Nilikaa naye, tukazungumza habari za kwao Muheza na machungwa, na yule mama alikwenda kununua maji akatuletea sote wawili.

Nasisitiza hilo la maji. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alimleta mfanyakazi wake mapema kuliko wengi, na alijibu yale maswali kwa kuamini kwamba anasaidia foleni iende. Lakini hakujua, wala asingeweza kujua, habari za sindano iliyochomwa kwenye zahanati ya kijijini Muheza miaka mingi iliyopita. Mtu mmoja tu mle ukumbini alizijua, na huyo hakuulizwa. Wema wa mwajiri hauwezi kuziba pengo la namna hii. Linazibwa na utaratibu unaomtaka mwenye mwili ajibu mwenyewe.

Ikiwa kwa mwajiri mwema mambo yalikuwa hivyo, kwa asiye mwema mnaweza kukisia. Dada mmoja alikuwa akilipwa riali 80 kwa mwezi. Mwajiri wake aliona foleni ya bure inachelewa, akamlipia chanjo katika hospitali binafsi, kisha mwisho wa mwezi akamkata pesa hiyo kwenye mshahara bila kumuuliza. Mwingine hakupelekwa kabisa, kwa hoja kwamba hatoki nje. Lakini watoto wa nyumba ile walikuwa wakitoka, na bwana alikuwa akitoka, na dada huyo ndiye aliyekuwa akiwaogesha watoto na kufua nguo za wote. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, kuingia ofisini, madukani na mahotelini kulihitaji cheti cha chanjo. Kwa dada huyu maana yake ilikuwa kwamba hata ile safari ya Ijumaa ya kutuma pesa nyumbani sasa ilitegemea kama kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, atapata nafasi ya kumwandikisha.

Wapo pia waliokataa chanjo baada ya kuelezwa vizuri. Nawaheshimu. Ninachodai ni kwamba anayekubali akubali kwa mdomo wake, na anayekataa akatae kwa mdomo wake.

Halafu kuna cheti. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili halikuisha na janga.

Chanjo za Muscat ziliandikwa kwenye mfumo wa kompyuta, na mtu aliziona kupitia programu ya simu aliyoifungua kwa namba ya bataka na namba ya simu ya nchi ile. Kwangu ilifanya kazi vizuri. Kwa mfanyakazi wa ndani, namba iliyoandikishwa mara nyingi ilikuwa ya mwajiri. Cheti kilikuwa kwenye simu ya mwajiri. Mkataba ulipokwisha na bataka ikafutwa, mfanyakazi alipanda ndege akiwa na dozi mbili mwilini na hana hata kipande cha karatasi. Namjua dada aliyerudi mwanzoni mwa 2022 akakuta laini yake ya Oman imekufa. Alimwandikia aliyekuwa mwajiri wake amtumie picha ya cheti, ujumbe ukasomwa, jibu halikuja. Alipokwenda kituo cha afya akaambiwa kwamba kisichoandikwa hakiwezi kuhesabiwa, na muuguzi aliyemwambia hivyo alikuwa anafuata kazi yake. Akachanjwa upya kana kwamba hajawahi kuchanjwa, na ile miezi ya Muscat haimo popote katika kumbukumbu za afya yake.

Mtaniambia kwamba mambo ya mifumo ya kompyuta kati ya nchi na nchi ni magumu. Ni kweli. Lakini nchi yetu imekuwa ikitumia jibu lake kwa miaka mingi bila kompyuta yoyote. Kila aliyesafiri anaijua kadi ya njano. Unachanjwa homa ya manjano Tanga, unakabidhiwa kijitabu chenye jina lako, tarehe, namba ya toleo la chanjo na mhuri wa kituo, unakitia ndani ya pasipoti, na ofisa wa afya katika uwanja wa ndege wa nchi usiyoijua anakisoma na kukuruhusu upite. Tangu Julai 2016, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, kadi hiyo ni ya maisha yote ya mwenye nayo. Imefanikiwa kwa sababu mbili: nchi zilikubaliana sura yake, na anayeishika ni yule aliyechomwa. Marekebisho ya Kanuni hizo yaliyopitishwa Juni 2024, ambayo kwa nchi nyingi yalianza kutumika tarehe 19 Septemba 2025, yanazungumzia hati za afya za karatasi na za kidijitali. Huo ni mlango ulio wazi. Tukipita tukidai kwamba raia wetu popote alipo apewe hati ya karatasi mkononi, hatutakuwa tumedai jipya.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, na kwa kweli ndio uliofanya nishike kalamu. Kila mwaka tunapeleka mahujaji Saudi Arabia. Hakuna hujaji anayeondoka bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Saudi Arabia haimpokei bila hiyo. Taasisi za Hija zinajua, zahanati zinajua, kijana wa kijijini anayempeleka bibi yake kituoni anajua. Hujaji anaondoka na kadi yake, ana kiongozi wa msafara anayezungumza lugha yake, na madaktari wa kwetu hufuatana na mahujaji. Atakaa huko wiki chache. Katika ndege ya jioni hiyohiyo, kwenda katika rasi hiyohiyo ya Uarabuni, anapanda binti wa miaka 23 atakayekaa miaka miwili. Amepimwa mkojo, damu na kifua ili mwajiri ajue kwamba hana maradhi. Upande wa pili, wa kumlinda yeye na maradhi ya huko anakokwenda, haujaguswa. Nchi inayoweza kumwandaa hujaji vizuri namna ile inajua kazi hii. Inatakiwa tu imhesabu na binti huyu.

Nawaomba basi mkataba uongezewe kifungu. Mimi si mwanasheria, na wanasheria wenu watakinyoosha, lakini ningependa kiseme hivi:

“Ukitokea mlipuko wa ugonjwa, mwajiri atamwezesha mfanyakazi kupata kila chanjo inayotolewa kwa wakaazi wa nchi hiyo, bila kumkata mshahara wala siku ya mapumziko. Mfanyakazi ataelezwa kwa lugha anayoielewa, ataridhia au kukataa mwenyewe, na atajibu mwenyewe maswali ya muuguzi. Cheti cha chanjo, kilichochapwa kwenye karatasi, ni mali yake na kitakaa kwake pamoja na pasipoti na kitambulisho chake cha ukaazi.”

Sehemu ya mwisho haina ugeni wowote. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa ndani ana haki ya kubaki na hati zake za safari na za utambulisho. Nami naomba cheti cha chanjo kihesabiwe miongoni mwa hati hizo.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwa mawakala wa ajira: tukidai mengi, waajiri watachukua wafanyakazi wa nchi nyingine. Walisema hivyohivyo kwa Ufilipino, ambayo kwa miaka mingi ilidai mkataba wa aina moja kwa raia wake na mshahara usiopungua dola 400 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani. Muscat nimewaona Wafilipino wengi wakifanya kazi. Na kifungu ninachokiomba hakimwongezei mwajiri gharama kubwa. Chanjo za milipuko mara nyingi hutolewa bure na serikali ya nchi. Kinachotakiwa kwa mwajiri ni asubuhi moja, na kumwacha mtu ajisemee.

Mengine yako chini ya uwezo wenu hata bila kumwomba mtu wa nje. Semina ya kabla ya safari iwe na saa moja ya muuguzi: andika mzio wako, andika dawa zako, andika chanjo ulizopata, na hayo yaandikwe kwenye karatasi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, mfanyakazi aondoke nayo. Yule binti wa Muheza angekuwa na karatasi hiyo, angeiweka mezani na asingenihitaji mimi. Janga likizuka, awepo daktari wa kujibu kwa Kiswahili kupitia simu, saa za usiku ambazo wafanyakazi wa ndani huwa huru. Na kwenye vituo vyetu vya afya pawe na njia ya kupokea na kuandika chanjo aliyoipata Mtanzania nje ya nchi, ili anayerudi na cheti chake akikuta kinatambuliwa Kariakoo, kitambuliwe vilevile Wete kule Pemba, na Korogwe.

Nataja Wete kwa makusudi. Mambo ya Nje ni suala la Muungano. Afya na Kazi si ya Muungano. Maana yake ni kwamba binti wa Pemba na binti wa Muheza wanaoishi katika jengo moja Muscat wanahesabiwa na ubalozi mmoja, lakini kila mmoja ana wizara yake ya afya na idara yake ya kazi nyumbani. Mwaka 2021 Bara ilianza kuchanja kwa Johnson & Johnson na Zanzibar ikatumia pia Sinovac, na wafanyakazi hawa wakawa wananiuliza chanjo ya Muscat itakubaliwa upande upi. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa wote kwa pamoja. Mkijibu kila mmoja kwa wakati wake, kifungu kitakuwemo kwenye mikataba ya upande mmoja na kukosekana kwenye ya upande mwingine, na madamu wa Muscat hatajua tofauti hiyo.

Kwa nini sasa? Kwa sababu tangu UVIKO-19 upungue, Marburg umezuka Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Mpox ulitangazwa kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, na Machi 2025 tukathibitisha wagonjwa wetu. Upande wa pili wa bahari, virusi vya MERS vilivyotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, na ambavyo ngamia huvibeba, bado vipo. Hakuna anayejua ugonjwa ujao utaanzia kwetu uende kwao, au kwao uje kwetu. Ukianzia kwetu, wafanyakazi wetu watakuwa wa kwanza kutazamwa kwa shaka ndani ya nyumba wanazolala. Ukianzia kwao, watakuwa wa kwanza kuwauguza wagonjwa wa nyumba hizo, kwa sababu ndiyo kazi yao. Vyovyote itakavyokuwa, chanjo itakapopatikana hapatakuwa na muda wa kuanza kuandika mikataba upya. Watakaokuwa huko watalindwa na mkataba waliokwenda nao.

Nakala za mikataba waliyonipa akina dada ninazo, kwa idhini yao, nimefuta majina yao na ya waajiri wao. Wapo wenzangu waliorudi, Tanga na Unguja, walio tayari kueleza yaliyowapata mbele ya maofisa wenu. Naomba mtupe siku ya kuwaona kabla ya fomu za mkataba kuchapwa upya. Mkituita Dodoma tutakuja, na mkituita Unguja tutavuka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa zamani wa forodha, Muscat
Sasa mkazi wa Tanga